Je, umbali kati ya wanandoa ndio unaozaa usaliti? Naomba majibu yanayotokana na utafiti

Mama Ilazo (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mtumishi wa umma na ninaishi Dodoma tangu wizara yetu ilipohamia huku, kufuatia uamuzi wa Serikali uliotangazwa mwaka 2016. Mume wangu alibaki Dar es Salaam kwa sababu ya kazi yake, na watoto wetu wanasoma huko huko. Hali hii si yangu peke yangu. Pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kila idara ina watu wanaoishi hivyo: mmoja amepanga Ilazo, mwingine Nzuguni au Ihumwa, na familia zao ziko Dar, Morogoro au Mwanza.

Kilichonifanya niandike ni mazungumzo ya wakati wa chakula cha mchana. Imekuwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa kwamba ndoa za namna hii lazima ziwe na mchepuko, ama upande mmoja ama pande zote mbili. Wanaosema hivyo hutaja methali ya fimbo ya mbali haiui nyoka, hutaja asilimia walizoziona kwenye simu, na husema kwamba wanasaikolojia wamekwisha kulithibitisha. Ukiuliza ni utafiti gani, uliofanywa na nani na kwa watu gani, hakuna anayejibu. Wiki iliyopita binti mmoja wa ofisini, ambaye mchumba wake amepangiwa kituo Kigoma, aliondoka mezani akilia, na tangu siku hiyo anazungumzia kuvunja uchumba huo ingawa kijana hajamkosea lolote. Liliniuma sana kuona uhusiano wa watu wawili unatikiswa na takwimu ambayo hakuna anayejua ilikotoka.

Kwa hiyo naomba wenye elimu ya saikolojia mnisaidie. Watafiti wamegundua nini hasa kuhusu sababu za mtu kumsaliti mwenza wake, na je, kuishi mbali ni mojawapo? Sihitaji mahubiri wala ushuhuda wa jirani. Ninahitaji matokeo na namna yalivyopatikana.

Mwalimu wa Makulu

Mama Ilazo, shikamoo, na asante kwa kuuliza kwa namna hii. Nimefundisha saikolojia ya jamii kwa miaka kadhaa, na niseme msimamo wangu mapema: kwa tafiti nilizozisoma, umbali peke yake hautoshi kabisa kutabiri usaliti. Kinachotabiri vizuri zaidi ni azma ya mtu kubaki katika uhusiano wake, na azma hiyo hujengwa na kubomolewa na mambo ambayo umbali unaweza kuyagusa au usiyaguse.

Nianze na hizo asilimia za mezani. Kiwango cha usaliti hutegemea sana namna swali lilivyoulizwa. Mwaka 2007 Mark Whisman na Douglas Snyder walichapisha uchambuzi wa majibu ya wanawake walioolewa 4,884 wa Marekani, ambao waliulizwa suala lile lile kwa njia mbili: mbele ya mhojaji, na kwa kujaza wenyewe kwenye kompyuta bila mtu kuwaona. Mbele ya mhojaji, karibu asilimia 1 walikiri kuwa na mwanamume mwingine katika mwaka uliotangulia. Kwenye kompyuta wakafika takriban asilimia 6. Watu ni wale wale, ila aibu imepungua, na takwimu ikawa mara sita. Ongeza kwamba kuna tafiti zinazohesabu tendo la ndoa pekee, na nyingine zinazojumuisha busu, ujumbe wa simu wa kimapenzi au penzi la moyoni lisilofika kitandani, kisha utaona kwa nini mtu anaweza kuokota asilimia yoyote aitakayo. Uchunguzi wa kitaifa wa Marekani ujulikanao kama General Social Survey, ambao huwauliza watu kuhusu maisha yao yote ya ndoa, umekuwa ukipata karibu asilimia 20 kwa wanaume na 13 kwa wanawake katika miaka ya 2010. Hata ukizidisha kwa ajili ya wanaoficha, huwezi kufika kwenye kauli ya kwamba kila ndoa ina mchepuko.

Sasa nije kwenye sababu, ambako ndiko utafiti una utajiri. Caryl Rusbult, katika makala zake za mwaka 1980 na 1983, alipendekeza kwamba azma ya kubaki na mwenza hutokana na mambo matatu: jinsi mtu anavyoridhika na uhusiano, jinsi anavyoona kwamba nje kuna mbadala mzuri, na kiasi alichokwisha kuwekeza ambacho hawezi kukichukua akiondoka, kama watoto, nyumba, marafiki wa pamoja na miaka waliyopitia wote. Mwaka 2003 Benjamin Le na Christopher Agnew walikusanya tafiti 52 zenye washiriki zaidi ya 11,000, wakaona kwamba mambo hayo matatu kwa pamoja yanaeleza karibu theluthi mbili ya tofauti za azma kati ya mtu na mtu. Kwa somo la saikolojia hicho ni kiwango kikubwa mno. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Stephen Drigotas na wenzake walikuwa wamepima azma ya wanafunzi wa chuo waliokuwa na wapenzi, kisha wakawafuatilia, na katika utafiti wao wa pili wakawataka waandike shajara wakati wa likizo. Azma iliyopimwa mwanzoni ilitabiri nani angevuka mpaka baadaye, kimwili au kihisia.

Tazama mfumo huo kwa hali yenu. Mume aliye Dar na mke aliye Dodoma, wenye watoto, kiwanja walichonunua pamoja na wazazi wa pande zote mbili wanaowategemea, wana uwekezaji ambao kilomita mia nne na ushee haziufuti. Kinachoweza kubadilika ni kuridhika, endapo wataanza kuishi kama wapangaji wanaotumiana fedha ya matumizi tu, na pia mbadala, kwa sababu mtu hukutana na watu wapya mahali alipo. Lakini mbadala hao wako hata kwa yule anayelala nyumbani kila usiku.

Kuhusu umbali wenyewe, Gregory Guldner na Clifford Swensen walilinganisha mwaka 1995 wanafunzi 194 wenye wapenzi wa mbali na 190 wenye wapenzi wa karibu. Hawakuona tofauti ya maana katika kuridhika, kuaminiana wala azma. Marianne Dainton na Brooks Aylor, mwaka 2001, walikwenda hatua moja zaidi wakawatenganisha walio mbali lakini wanaonana mara kwa mara na walio mbali ambao hawaonani kabisa. Wale wanaoonana walifanana na watu waishio karibu. Wasioonana ndio waliokuwa na mashaka mengi na imani ndogo. Kwangu mimi huo ndio utafiti wa kumpelekea yule binti. Swali la kumuuliza mchumba wake halihusu Kigoma iko mbali kiasi gani, bali watakuwa wanaonana lini na kwa utaratibu upi. Hapa Dodoma jambo hilo limebadilika sana tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, kwa sababu safari ya Dar ambayo kwa basi humaliza siku nzima sasa huchukua chini ya saa nne.

Kuna tokeo moja ambalo watu hawalitarajii. Laura Stafford na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2006 kuhusu wachumba waliokuwa mbali kisha wakahamia mji mmoja, waliona kwamba karibu theluthi moja waliachana ndani ya miezi mitatu baada ya kuwa karibu. Wakiwa mbali kila mmoja alikuwa na picha nzuri kupita kiasi ya mwenzake, na hakuwa amezoea kuulizwa anarudi saa ngapi. Wengi wenu mnaosubiri uhamisho mnadhani kwamba siku ya kuungana ndiyo mwisho wa shida, kumbe nayo inahitaji maandalizi yake.

Mwisho, usaliti hauna sababu moja. Dylan Selterman, Justin Garcia na Irene Tsapelas waliwauliza watu 495 waliokiri kuwasaliti wenza wao, na majibu yakajikusanya katika makundi manane: hasira, tamaa ya mwili, kupungua kwa upendo, kuhisi kutelekezwa, azma ndogo, mazingira ya wakati ule kama ulevi au msongo wa mawazo, kutafuta kujiona wa thamani, na kupenda mabadiliko. Ripoti hiyo ni ya mwaka 2019. Kuhisi kutelekezwa kunaweza kuletwa na umbali, sikatai, lakini kunaweza pia kumpata mtu ambaye mwenzake amekaa kiti cha pili akiangalia simu.

Mkulima wa Kongwa

Mwalimu, nashukuru kwa maelezo, ila naona umelipita jambo kubwa zaidi. Mwanamume na mwanamke hawakuumbwa sawa katika suala hili, na wanasaikolojia wenyewe wamelikubali. David Buss na wenzake mwaka 1992 waliwauliza wanafunzi wa Marekani ni kipi kingewaumiza zaidi, mwenza kulala na mtu mwingine au mwenza kumpenda mtu mwingine. Asilimia 60 ya wanaume walichagua kulala, wakati wanawake waliochagua hivyo walikuwa asilimia 17 tu. Je, si kweli basi kwamba mwanamume akiachwa peke yake mjini atatafuta mwanamke kwa maumbile yake, na kwamba mwanamke atavumilia ilimradi moyo wa mume uko nyumbani? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu hata wazee wetu huku Ugogoni walikuwa wakisema mambo yanayokaribiana na hayo.

Mwalimu wa Makulu

Ndugu yangu wa Kongwa, takwimu umezitaja sawasawa, lakini utafiti ule ulihusu wivu. Haukupima nani anasaliti, wala haukuonyesha kwamba mwanamke huvumilia. Asilimia 83 ya wanawake walichagua maumivu ya kihisia kwa sababu walilazimishwa kuchagua moja.

Na hapo ndipo ubishi ulipoanzia. David DeSteno na Peter Salovey walieleza mwaka 1996 kwamba watu huchagua lile wanalodhani linabeba na jingine ndani yake: mwanamke anayeamini kwamba mwanamume akipenda hakosi kulala na huyo anayempenda, atachagua upendo kwa kuwa unamaanisha yote mawili. Mwaka 2002 DeSteno na wenzake waliwapa washiriki kazi ya kukumbuka tarakimu huku wakijibu swali lile lile, ili wasipate nafasi ya kupima mambo. Wanawake nao wakaelekea kuchagua tendo la mwili. Kama tofauti ile ingekuwa ya maumbile tupu, kuwachosha akili kidogo kusingeigeuza.

Kuna pia utafiti unaotuhusu sisi wa Tanzania ya kati kwa karibu. Brooke Scelza na timu yake walikusanya majibu ya watu zaidi ya 1,000 kutoka jamii 11 za mabara mbalimbali, wakiwemo Wahadzabe wa ukanda wa ziwa Eyasi, na kuyachapisha katika jarida la Nature Human Behaviour. Waliona kwamba ukali wa wivu hutofautiana sana kati ya jamii na jamii, na kwamba katika jamii ambazo baba hutoa malezi na mali nyingi kwa watoto, wivu huwa mkali zaidi. Mazingira ya malezi, basi, yana nguvu ambayo hoja ya maumbile peke yake haiwezi kuieleza.

Kuhusu nani husaliti, naomba usome kazi ya Joris Lammers na wenzake ya mwaka 2011, iliyochunguza wafanyakazi wa kitaaluma 1,561. Kadiri mtu alivyokuwa na cheo na madaraka zaidi ndivyo alivyokuwa na uwezekano zaidi wa kusaliti, kwa sababu madaraka humwongezea kujiamini kwamba anaweza kumpata amtakaye. Uhusiano huo ulikuwa ule ule kwa wanawake wenye madaraka kama kwa wanaume. Katika mji wa maofisa kama wetu ningeliangalia hilo kwa makini zaidi kuliko umbali.

Afisa Ustawi, Singida

Wanajukwaa, naomba kuchangia upande ambao haujaguswa, yaani kinachofuata baada ya usaliti kugundulika, kwa kuwa ndiyo kazi ninayokutana nayo.

Wapo wanaodhani kwamba anayesalitiwa huumia kwa sababu tu ndoa ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Annmarie Cano na Daniel O'Leary walilipima hilo mwaka 2000. Waliwalinganisha wanawake waliokuwa wamepatwa na fedheha ya ndoa karibuni, kama kugundua usaliti wa mume au kutishiwa kuachwa, na wanawake wengine ambao ndoa zao zilikuwa na ugomvi wa kiwango hicho hicho lakini bila fedheha hiyo. Kundi la kwanza lilikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kukutwa na sonona. Kwa hiyo ninapoona mama hali chakula, halali usingizi, na anasahau hata kumpeleka mtoto kliniki, simwambii avumilie. Namshauri aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Kwa walio Dodoma, hospitali ya Mirembe ipo, na inasikitisha kwamba watu bado wanaona aibu kupita lango lake.

Jambo la pili ni siri. Rebeca Marín, Andrew Christensen na David Atkins waliwafuatilia kwa miaka mitano wanandoa 134 waliopata tiba ya ndoa, na kati yao 19 walikuwa wamepitia usaliti. Pale usaliti ulipokuwa umewekwa wazi, asilimia 43 walikuwa wameachana ilipofika mwaka wa tano. Pale ulipobaki siri, asilimia 80. Na kwa wasio na usaliti, asilimia 23. Idadi ya wanandoa 19 ni ndogo, hivyo nisingependa mtu azishike asilimia hizo kama msumari. Lakini walioweka wazi na kubaki pamoja hawakuwa na kuridhika pungufu kuliko wengine, na hilo linanipa moyo kuwaambia watu kwamba ndoa iliyojeruhiwa inaweza kupona.

Kupona kwenyewe hakuji kwa kikao kimoja cha wazee. Kristina Gordon, Donald Baucom na Douglas Snyder wanalieleza tukio hili kama jeraha la nafsi lenye hatua tatu: kwanza kukabiliana na kishindo, ambapo kazi ni kuzuia watu wasiumizane, pili kutafuta maana, yaani kuelewa kwa nini ilitokea bila kumwondolea mkosaji wajibu wake, na tatu kuamua kusonga mbele, pamoja au kila mmoja kivyake. Ninachokiona mara nyingi ni ndugu kulazimisha hatua ya tatu siku ya kwanza. Mke anaambiwa asamehe, mume anapigwa faini ya mbuzi, kesi inafungwa, na baada ya miezi michache wanarudi na hasira iliyo mbaya zaidi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kufungua shauri la talaka, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Natamani mabaraza hayo, ya kata na ya dini, yaupe muda huo wa usuluhishi uzito wa kutibu, yasiutumie kutafuta hati ya kupeleka mahakamani tu.

Mama Ilazo

Mwalimu, Afisa, nawashukuru kwa moyo wote, nawe Mkulima umeuliza ambalo wengi wetu tuliogopa kuliuliza. Nimemsomea binti yule sehemu ya Dainton na Aylor, na ameomba niulize jambo moja kwa niaba yake. Mchumba wake alimweleza kwa hiari kwamba katika uhusiano wake uliopita aliwahi kumsaliti msichana aliyekuwa naye. Yeye mwenyewe, katika uhusiano wake wa zamani, alisalitiwa. Je, mambo haya hujirudia?

Mwalimu wa Makulu

Mwambie kwamba kuna utafiti uliouliza jambo hilo hilo. Kayla Knopp na wenzake, mwaka 2017, waliwafuatilia watu 484 ambao hawajaoa wala kuolewa, kutoka uhusiano mmoja hadi uliofuata. Waliokiri kusaliti katika uhusiano wa kwanza walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kusaliti katika wa pili, ukilinganisha na wasiosaliti. Waliojua kwamba wenza wao wa kwanza waliwasaliti walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kusema kwamba na wa pili amewasaliti. Waliokuwa na shaka na mwenza wa kwanza walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kumshuku wa pili.

Asizisome takwimu hizo kama hukumu. Mara tatu ni ulinganisho wa makundi mawili, na katika kundi la waliowahi kusaliti wapo wengi ambao hawakurudia. Zinachompa ni mambo mawili ya kuzungumza na mchumba wake. Kwa kijana, amuulize nini kilimfikisha pale mara ya kwanza, kwa sababu jibu la hasira, la kutelekezwa au la ulevi linaelekeza kwenye tahadhari tofauti, na amwangalie kama analijibu bila kumtupia lawama msichana wa zamani. Kwake mwenyewe, atazame shaka anayoibeba sasa: imetokana na jambo alilofanya mchumba huyu, au na lile alilotendewa na mwingine? Kuungama kwa hiari, kabla ya kuulizwa, nakuhesabia uzito mkubwa. Kama wanaweza, wapange tangu sasa tarehe za kuonana kwa miezi sita ya kwanza ya Kigoma, pamoja na nani atalipa nauli.